Matufe ya Hanov na kuni za mwalimu Marya

Mwalimu Marya Vasilyevna anarudi kijijini kwa gari la farasi. Ametoka mjini kuchukua mshahara wake, rubli 21. Miaka 13 sasa anapita njia hiyo hiyo, tope likiwa tope na theluji ikiwa theluji. Hadithi hii fupi aliiandika Anton Chekhov, Mrusi, mwaka 1897, nami kila nikiisoma nakwama pale pale: kwenye kuni.

Shule haina kuni. Mwalimu inambidi awachangishe wanafunzi na wazazi, amkabidhi fedha mdhamini wa shule, kisha ambembeleze alete kuni. Wanakijiji wanaamini mwalimu anakula michango. Tena wanasema rubli 21 ni nyingi mno, tano zingemtosha. Mdhamini naye anamshuku vivyo hivyo, ilhali anayejichumia faida kwenye kuni ni yeye mwenyewe. Mlinzi wa shule hafanyi kazi, ni fidhuli, na anawapiga watoto. Mwaka wa pili huu Marya anaomba mlinzi huyo aondolewe, na hakuna anayemsikiliza.

Nimewahi kukaa katika kikao cha wazazi, mwalimu mkuu amesimama mbele yetu na daftari la michango, anasoma hesabu ya maharage na mahindi kilo kwa kilo. Mkono ulikuwa ukimtetemeka. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Nyingine ameshakula." Wala hakuwa na ushahidi wowote. Ndiyo maana Marya simwoni kuwa mgeni.

Njiani anakutana na Hanov, mwenye mashamba, tajiri mpole mwenye sura nzuri. Mchango wake kwa shule ni matufe ya dunia, yale yanayozungushwa juu ya meza, na anaamini kwa moyo wote kwamba anaendeleza elimu. Chekhov hamchori Hanov kama mtu mbaya, na hapo ndipo hadithi inapouma. Aliyenacho anatoa kinachompendeza yeye kutoa. Moto wa kuwapasha watoto joto anaachiwa asiyenacho, pamoja na lawama zake.

Kwetu tumezoea kusema ualimu ni wito. Marya aliingia ualimu kwa dhiki baada ya wazazi wake kufariki, na wito hajawahi kuufikiria. Anafikiria kuni na mitihani. Neno wito, kwa maoni yangu, mara nyingi hutamkwa na mtu ambaye hataki kuzungumzia mshahara. Chekhov aliyajua haya kwa karibu: babu yake alizaliwa mtumwa wa shamba na akajinunulia uhuru, na yeye mwenyewe alihangaika kujenga shule tatu za vijijini karibu na makazi yake ya Melikhovo.

Si kila hadithi humweka mwalimu upande wa wanyonge. Katika ile ya Chinua Achebe kuhusu njia ya wafu, mwalimu mkuu Michael Obi ndiye mwenye nguvu: anaziba njia ya wanakijiji iliyokatiza uwanja wa shule, na uzio wake unaishia kung'olewa. Naye Dumu Kayanda, katika "Mwalimu Mstaafu", anatuletea Mwalimu Mosi anayeagwa kwa sherehe, akashikilia kwamba Jairo, mwanafunzi wake aliyeshindwa masomo na kubaki fukara, naye apewe nafasi ya kuzungumza. Waliofanikiwa hawakukosa wa kuwasemea.

Mwishoni mwa hadithi ya Chekhov, Marya anavuka mto, viatu vinajaa maji, sukari na unga alivyovinunua vinaloa. Kwenye njia ya reli anamwona mwanamke ndani ya treni inayopita anayefanana na marehemu mama yake, analia, na kwa dakika chache anasahau ualimu wote. Hanov anafika, Marya anamtabasamia kama rafiki, kama mtu wa hadhi moja. Kisha kizuizi cha njia ya reli kinainuliwa, naye anapanda gari lake huku baridi ikimtetemesha.

Ombi langu ni kwako unayefundisha Fasihi. Darasa likifika kwenye hadithi kama hizi, usianze na swali la funzo. Waulize wanafunzi kwanza kuni zililipiwa na nani, uwaache wafungue kitabu na kutafuta.