Filamu za Watu wa Kawaida na Ukweli Tunaouficha Nyumbani

Mfalme Daudi alipokwisha kumtwaa mke wa Uria na kusababisha kifo cha mumewe, nabii Nathani hakuanza kwa kumshtaki. Alimsimulia habari za tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Daudi alighadhibika, akatoa hukumu, na ndipo akatambulishwa kwamba amejihukumu mwenyewe (rej. 2Sam 12:1-7). Kisa kilipita mahali ambapo lawama ya wazi ingekuta mlango umefungwa. Kwa mwanga wa simulizi hilo tunapenda kueleza aina moja ya filamu inayoweza kulifaa Jimbo letu, hususan wilaya za Tarime na Serengeti: filamu ya maigizo yenye gharama ndogo, inayosimulia maisha kama yalivyo, na inayochezwa na watu ambao si waigizaji kwa kazi yao.

Aina hii ilipata umaarufu nchini Italia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1948 Vittorio De Sica alitengeneza filamu ya Wezi wa Baiskeli, inayomhusu baba anayeibiwa baiskeli ambayo bila hiyo hana kazi. Nafasi ya baba huyo alipewa Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwanda. Mwaka 1978 Ermanno Olmi alitoa Mti wa Viatu vya Mbao, iliyochezwa na wakulima wa Bergamo wakisema lugha yao ya nyumbani, nayo ikatunukiwa tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya pekee, na zote mbili zimo katika kundi la filamu zinazohusu tunu za maisha.

Hapa Tanzania mfano ulio karibu nasi uko Pangani, mkoani Tanga. Asasi ya UZIKWASA, yaani Uzima kwa Sanaa, imetengeneza filamu na wakazi wa huko huko, miongoni mwake Chukua Pipi na Aisha. Hii ya mwisho, iliyoongozwa na Chande Omar na kutolewa mwaka 2015, inamhusu mwanamke anayerudi kijijini kwao kwa ajili ya harusi ya mdogo wake na kubakwa na kundi la vijana. Mtazamaji anaonyeshwa uovu ule, na anaonyeshwa pia namna jamii nzima inavyojikuta mbele ya swali la kunyamaza au kusema.

Nasi tunalo la kusema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mkoa wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 28, wakati wastani wa taifa ni asilimia 8. Tangu mwaka 1998 sheria inamtishia mtu mwenye malezi ya msichana wa chini ya miaka 18 kifungo cha kati ya miaka 5 na 15, au faini, au vyote viwili, akimkeketa au kusababisha akeketwe. Hata hivyo, msimu wa Desemba unapokaribia, wasichana hukimbilia kituo cha Masanga wilayani Tarime na nyumba salama ya Mugumu wilayani Serengeti. Nyuma ya kisu cha ngariba kuna hesabu ya ng'ombe wa mahari, kuna neno la wazee wa mila, na kuna mama anayeogopa kwamba binti yake atadharauliwa. Haya yote tunayajua, ila si rahisi kuyatamka tukiwa tumekaa pamoja.

Ipo filamu iliyokwisha kutengenezwa kuhusu jambo hili. In the Name of Your Daughter, yaani Kwa Jina la Binti Yako, ya mwaka 2018, kazi ya Giselle Portenier, inamfuata Rhobi Samwelly na wasichana waliokimbilia nyumba salama ya Mugumu. Hiyo si ya maigizo. Wanaoonekana ni wahusika wenyewe, na imeufikishia ulimwengu sauti yao. Lakini msichana anayeonyeshwa kwa sura yake anaubeba ushuhuda huo hata atakaporudi kijijini. Hapa ndipo maigizo yana faida yake. Anayeigiza msichana aliyekimbia si yule aliyekimbia. Mchezo humsitiri aliyeumizwa, na papo hapo humpa aliyeumiza nafasi ya kujiona. Mzee akimsikia baba ndani ya filamu akihesabu ng'ombe kwa Kikurya au Kingoreme, kwa maneno yale yale anayoyatumia yeye, hawezi kusema kwamba hayo ni mambo ya wageni wa mjini.

Je, ni halali kuonyesha uovu? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, unafundisha katika namba 7 kwamba kusimulia na kuonyesha uovu wa kimaadili kunaweza kumsaidia mwanadamu kujifahamu kwa undani na kuutambua uzuri wa ukweli na wema, mradi kufanyike kwa kiasi na kwa kufuata sheria ya maadili. Kwa hiyo kisu hakihitaji kuonekana. Mlango unaofungwa alfajiri, na mama aliyekaa nje ameinamisha kichwa, vinatosha.

Ikiwa VIWAWA, WAWATA au jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zitapenda kuandaa filamu ya namna hii, tunashauri mambo yafuatayo. Kisa kitungwe kutokana na yale yanayotokea kwa wengi, pasipo kufuata habari za familia moja inayoweza kutambulikana. Msichana aliyepo katika nyumba salama asiombwe kuigiza mateso yake mwenyewe. Wazazi wa watoto watakaoshiriki waridhie kwa maandishi baada ya kuelezwa filamu itaonyeshwa wapi. Kibali kiombwe Bodi ya Filamu mapema, kwa kuwa udogo wa gharama hauondoi wajibu wa sheria.

Tena, wanaoigiza wasitumiwe na kusahauliwa. Maggiorani alisifiwa duniani, lakini aliporudi kiwandani alipunguzwa kazini. Kwetu hatari ni nyingine: kijana aliyeigiza ngariba au baba katili anaweza kuitwa kwa jina hilo sokoni, na binti aliyeigiza aliyekeketwa anaweza kudhaniwa hivyo kweli. Paroko na viongozi wa jumuiya wawe karibu nao, na kabla ya kila onyesho watazamaji waelezwe kwamba hao ni majirani waliokubali kusema kwa niaba ya wote.

Hatimaye, filamu isionyeshwe na watu wakatawanyika. Nathani alibaki mbele ya Daudi mpaka mfalme alipokiri kosa lake. Vivyo hivyo, baada ya onyesho wapewe nafasi ya kusema akina baba, wazee wa mila na wasichana wenyewe, na awepo mtu wa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi ambaye msichana mwenye hofu anaweza kumwendea usiku huo huo. Wakati unaofaa ni miezi kabla ya Desemba, mahari ikiwa bado haijapokewa na baba akiwa bado anaweza kubadili neno lake bila kuaibika mbele ya ukoo.