Huduma kwa wenye ulemavu Australia: faida iko mikononi mwa mkaguzi

MTAJI mdogo unaotiwa katika kampuni za kuhudumia watu wenye ulemavu nchini Australia unaweza kuyumba kwa sababu ya ukaguzi wa siku chache, hata kama vitabu vya hesabu vinaonyesha faida.

Sababu ni jinsi soko hilo lilivyojengwa. Mlipaji mkubwa ni mmoja: Serikali, kupitia Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu, maarufu kama NDIS. Mpango huo ulianza kwa majaribio Julai 2013, na katika mwaka wa fedha 2023/24 uligharimu zaidi ya dola bilioni 40 za Australia. Watoa huduma wanasimamiwa na Tume ya Ubora na Ulinzi ya NDIS, iliyoanza kazi Julai 1, 2018 katika majimbo mawili na kuenea nchi nzima kufikia Desemba 2020.

Mteja ambaye fedha zake zinasimamiwa na wakala wa Serikali anaweza kununua huduma kwa kampuni iliyosajiliwa tu. Usajili nao haupatikani wala hauhuishwi bila ukaguzi.

Chukua mfano wa kampuni yenye wateja 20, ambao 8 kati yao ni wa kundi hilo. Ikiwa kila mmoja huingiza dola 3,000 kwa mwezi, kampuni ikipoteza usajili inapoteza dola 24,000 kila mwezi. Kodi ya ofisi na mishahara haisubiri.

Aina mbili za ukaguzi

Huduma zenye hatari ndogo hukaguliwa kwa kupitia nyaraka tu. Huduma zenye hatari kubwa, kama vile kumsaidia mtu kuoga, kula au kuishi katika nyumba ya pamoja, zina hatua mbili. Kwanza nyaraka hupitiwa, kisha wakaguzi hufika mahali pa kazi, hufungua majalada na kuzungumza na wafanyakazi na wateja wenyewe. Mteja huhesabiwa kuwa amekubali kushiriki mpaka atakaposema hataki.

Wakaguzi hao ni kampuni binafsi zilizoidhinishwa na Tume. Anayekaguliwa ndiye anayelipa, na bei ni mapatano. Kwa hiyo ni busara kuomba bei kwa wakaguzi zaidi ya mmoja mapema, kabla muda wa usajili haujabana. Usajili kwa kawaida hudumu miaka mitatu, na kampuni za kundi la pili hukaguliwa tena katikati ya kipindi hicho.

Makaratasi hayatoshi

Kosa linaloweza kugharimu sana ni kununua kabrasha la sera zilizoandikwa tayari, kuziweka rafuni na kungoja siku ya ukaguzi. Mkaguzi hapimi uzuri wa sera. Anatazama kama sera, kumbukumbu, mfanyakazi na mteja wanasema jambo moja.

Njia rahisi ya kujipima ni kumchagua mteja mmoja na kumfuatilia kuanzia mwanzo hadi mwisho: mkataba wake, mpango wa huduma, tathmini ya hatari, orodha ya zamu, daftari la dawa na ankara iliyopelekwa kulipwa. Ankara ikidai saa nne wakati kumbukumbu za zamu zinaonyesha tatu, tatizo limeshavuka mipaka ya ukaguzi. Hapo ni fedha za umma zilizodaiwa bila huduma kutolewa.

Baada ya hapo yafuate majalada ya wafanyakazi. Kibali cha uchunguzi wa mwenendo kina ukomo, na mafunzo yawe na ushahidi wake.

Kisha daftari la matukio. Kifo, jeraha kubwa au unyanyasaji wa mteja lazima Tume iarifiwe ndani ya saa 24 baada ya kampuni kufahamu. Daftari lisilo na tukio hata moja kwa miaka mitatu halimfurahisha mkaguzi. Humfanya aulize kama wafanyakazi wanaogopa kusema.

Pengo likigunduliwa, dawa si kuandika karatasi leo na kuiwekea tarehe ya mwaka jana. Kampuni iliyoona dosari yake yenyewe, ikaandika nani atairekebisha na lini, ina hoja mbele ya mkaguzi. Iliyoghushi haina.

Alama na maana yake

Kila kipengele hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Alama 2 ni kutimiza kiwango, na 3 ni kutimiza kwa ubora wa kupigiwa mfano. Alama 1 ni dosari ndogo, inayohitaji mpango wa marekebisho. Alama 0 ni dosari kubwa, na mkaguzi hawezi kuipendekeza kampuni mpaka irekebishwe.

Kwa anayetaka kununua hisa au kampuni nzima, ripoti ya ukaguzi wa mwisho isomwe sambamba na mizania. Aulize dosari zilikuwa zipi, zimefungwa lini, na wateja wangapi wanategemea usajili. Muuzaji anayesita kuonyesha ripoti hiyo amekwisha kujibu.

Nyuma ya kila alama yuko mtu anayemtegemea mwingine kumpa dawa kwa wakati na kumwinua kitandani bila kumwangusha. Kampuni inayolifanya hilo vizuri kila siku, na kuliandika siku hiyo hiyo, haina kazi kubwa mkaguzi anapobisha hodi.