Topido: Samaki aliyegeuzwa silaha

MISIMU haizaliwi vijiweni na kwenye matatu pekee. Wanajeshi nao ni mafundi wa kuiunda. Hebu leo tuitazame topido, kombora linalosafiri chini ya maji, kwani safari ya jina lake inatufunza mengi kuhusu maana.

Kwa Kilatini, torpedo ni samaki wa jamii ya taa ambaye hupiga windo lake kwa umeme. Jina hilo linatokana na kitenzi chenye maana ya kufa ganzi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mmarekani Robert Fulton alilitumia kuita mabomu ya kutegwa majini. Ndiyo maana "topido" alizokabiliana nazo kamanda David Farragut kule Mobile Bay mwaka 1864, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, hazikuwa zikisafiri popote. Zilitegwa tu. Mwaka 1866 mhandisi Mwingereza Robert Whitehead akaunda ile inayojiendesha yenyewe, nayo ndiyo iliyobaki na jina.

Kisha mabaharia wakaongeza yao. Waingereza waliiita "tin fish", yaani samaki wa bati. Wajerumani wa kwenye nyambizi waliiita "Aal", yaani mkunga (yule samaki mrefu kama nyoka, si mzalishaji!). Basi samaki aliyegeuzwa silaha akarudi kuwa samaki. Wamarekani nao, bomu la kulipulia nyambizi waliliita "ash can", pipa la majivu, kwa sababu ya umbo lake.

Umbo ni sababu moja tu. Nyingine ni tafsida: anayefyatua "samaki" hatamki kifo cha watu walio ndani ya meli. Hapo ndipo penye hatari kwetu wafasiri na wanahabari. Tukiuhamisha msimu huo neno kwa neno, msomaji ataona uvuvi pasipo na uvuvi. Tuandike topido, au tueleze ni kombora.

Wala tusidhani hayo ni ya wageni tu. Kwetu mzinga ni gogo lenye uwazi wanamofugwa nyuki, na pia ni silaha kubwa kama zile zilizoko Fort Jesus. Rais anapopigiwa mizinga 21, nani hukumbuka asali? Neno likizoeleka, picha iliyolizaa husahaulika. Kazi ya mwanalugha ni kuikumbusha.