Moshi wa Jikoni na Afya ya Ubongo

Mnunuzi wa nishati ya kupikia huuliza bei kwanza, na hufanya vyema. Tungependa aulize pia swali la pili: nishati hii huacha nini katika hewa ya nyumba yake? Madhara ya moshi kwa macho na mapafu anayajua kila aliyepika kwa kuni mbichi. Madhara yake kwa ubongo hayajulikani sana, kwa kuwa ubongo hauwashi wala haukohoi.

Kuni, mkaa, mafuta ya taa, na hata dawa ya mbu ya kuchoma, hutoa chembe ndogo mno. Zinazotia hofu zaidi zina kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, yaani takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Zikivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo kupita zote huweza kupenya hadi kwenye damu. Njia nyingine ni fupi zaidi: neva za kunusa, zinazoanzia juu ndani ya pua na kuingia moja kwa moja katika ubongo. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walieleza kwamba wamekuta chembe za madini ya chuma yenye usumaku katika ubongo wa marehemu waliokuwa wakazi wa Mexico City na Manchester. Nyingi zilikuwa za mviringo, umbo ambalo hutokana na mwako wa joto kali.

Ubongo una seli zake za ulinzi, ziitwazo mikroglia, ambazo hufagia uchafu na kupambana na vijidudu. Zikichokozwa siku baada ya siku hukosa nafasi ya kutulia, na kemikali zinazozitoa huanza kudhuru seli za neva zilizo jirani. Mishipa ya damu nayo huathirika, na uwezekano wa kiharusi huongezeka. Mwaka 2020 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet iliingiza uchafuzi wa hewa katika orodha ya mambo yanayochangia demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Hatusemi kwamba kila apikaye kwa mkaa atafikia hali hiyo. Hatari hupanda kadiri ya wingi wa moshi na miaka ya kuuvuta.

Wateja wengi hukosea kwa kuupima moshi kwa macho. Mkaa uliokolea hauonekani kutoa moshi, hivyo jiko huingizwa chumbani, hasa usiku wa mvua au baridi. Kumbe hapo ndipo linapotoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na seli za ubongo, ambazo haziwezi kustahimili kukosa oksijeni hata kwa dakika chache, huwa miongoni mwa za kwanza kuumia. Jenereta inayowashwa ndani ina hatari iyo hiyo.

Neno «banifu» kwenye jiko humaanisha kwamba linabana matumizi ya mkaa au kuni. Si ahadi ya hewa safi. Gesi ya mitungi na umeme hutoa chembe chache zaidi kwa mbali, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania umelenga kuwafikishia asilimia 80 ya wananchi nishati ya namna hiyo ifikapo 2034. Tunatambua kwamba gharama ya kuanzia ni kikwazo cha kweli. Anayelazimika kutumia mkaa apikie nje au penye madirisha mawili yanayopitisha upepo, na watoto wachanga na wajawazito wakae mbali. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi ipasavyo.

Mtu akizidiwa na kichwa kuuma, kichefuchefu au usingizi mzito mahali penye jiko la mkaa, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali, hata kama amezinduka, kwani matatizo ya kumbukumbu huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Daktari aambiwe wazi kwamba palikuwa na moto chumbani.