Ndugu wa Mgonjwa wa Glakoma

Mtu akiambiwa kliniki kwamba ana glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huuliza kama atapona. Akishajibiwa kwamba matone huzuia ugonjwa usiendelee lakini hayarudishi uoni uliokwisha kupotea, mazungumzo huishia hapo. Ni wachache wanaouliza lile ambalo kwa maoni yangu lina faida zaidi: kaka na dada zangu je?

Ndani ya jicho, nyuma ya konea, kuna maji maangavu yanayotengenezwa mchana na usiku. Si machozi. Hutoka kupitia chujio jembamba lililo pembeni, pale konea inapokutana na sehemu yenye rangi. Ni kama karo la kuoshea vyombo: bomba likimwaga huku tundu limeziba, maji hujaa. Jichoni hakuna pa kufurikia, hivyo shinikizo hupanda na kuumiza neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi zake, kama milioni moja, hufa kidogokidogo bila maumivu, na kwa kawaida uoni wa pembeni ndio hutangulia kupotea.

Mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na Edwin Stone wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliitambua jeni ya MYOC, iliyo kwenye kromosomu ya kwanza, kuwa chanzo kimojawapo cha glakoma. Jeni hiyo ikiwa na kosa, protini inayotokana nayo hujikunja vibaya, hukwama ndani ya seli za chujio na kuzidhoofisha. Nakala moja yenye kosa, iwe ya baba au ya mama, inatosha, na baadhi ya wanaoirithi huugua wangali wanafunzi. Hata hivyo, MYOC inahusika na wagonjwa watatu au wanne tu katika kila 100 wa glakoma ya ukubwani.

Kwa watoto wachanga jeni inayotajwa zaidi ni CYP1B1, nayo ikafahamika mwaka huohuo. Hapa sharti nakala zote mbili ziwe na kosa. Baba na mama wanaona vizuri, kila mmoja amebeba nakala moja bila kujua, na kwa kila mimba kuna uwezekano wa robo kwamba mtoto atazirithi zote mbili. Ndiyo maana ugonjwa huu huonekana zaidi mabinamu wanapooana kizazi hata kizazi: Saudi Arabia ni takriban mtoto 1 kati ya 2,500, nchi za Magharibi 1 kati ya 10,000. Pwani yetu nako ndoa za binamu si jambo geni. Mtoto huwa na macho makubwa kupita kiasi, yanayochuruzika machozi na kukimbia mwanga. Jamaa huyasifia uzuri, na huku wiki zinapita ilhali tiba yake ni upasuaji wa mapema.

Glakoma ya walio wengi haina jeni moja ya kulaumiwa. Ni mkusanyiko wa tofauti nyingi ndogondogo. Utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa asilimia 4.16 ya watu wenye miaka 40 na zaidi. Mwaka 2019 wanasayansi waliochunguza watu wenye asili ya Afrika walipata alama ya hatari kwenye jeni ya APBB2, ambayo kwa Wazungu na Waasia haikuonyesha uhusiano huo. Kwa hiyo kipimo cha vinasaba kilichoundwa kwa takwimu za Ulaya kinaweza kumpa mtu wa Kongwa matumaini ya bure. Mimi nisingemshauri akilipie.

Historia ya ukoo haigharimu kitu. Huko Rotterdam, Uholanzi, utafiti wa mwaka 1998 ulikuta kwamba mmoja katika kila ndugu kumi hivi wa wagonjwa naye ana glakoma. Ndugu hao wapimwe shinikizo, na daktari aitazame neva yenyewe, maana wapo wanaopoteza uoni shinikizo likiwa la kawaida.

Ndugu hao wajihadhari pia na matone ya steroidi, kama deksamethasoni, ambayo watu hujinunulia kwa ajili ya macho yanayowasha. Wao huelekea zaidi kupandishwa shinikizo la jicho na dawa hizo kuliko watu wengine, hasa zikitumiwa kwa wiki nyingi. Mwenye glakoma katika ukoo amwambie mfamasia hivyo kabla hajakabidhiwa chupa.