Meneja, usidhani kila mkimya ni mkaidi

Iwe ofisi yako iko Moi Avenue, Upper Hill au Westlands, maneno unayoyatamka Jumatatu asubuhi aghalabu hutufikia sisi madaktari kabla ya Ijumaa. Hutujia kama maumivu ya kichwa, ukosefu wa usingizi, kiungulia na moyo kwenda mbio. Mgonjwa akiulizwa yalianza lini, hutaja mkutano.

Wengi husema mkubwa wao wa kazi amewapa vidonda vya tumbo. Hapo hukosea. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005 kwa kugundua bakteria wanaosababisha vidonda vingi vya aina hiyo, na dawa za maumivu zinazomezwa kiholela husababisha vingine. Lakini usifurahi mapema. Uchunguzi wa watumishi wa serikali mjini London, ulioanza mwaka wa 1985 chini ya Michael Marmot, ulionyesha kwamba wafanyakazi wasio na usemi juu ya kazi yao walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao.

Sasa, watu hawasemi kwa njia moja. Mchukue mhasibu mkimya. Ukimgeukia ghafla mkutanoni na kumwuliza, "Haya, wewe unasemaje?" ulimi humganda, nawe wamhesabu kuwa mkaidi au mtu asiyejua kazi. Mpe swali lilo hilo siku moja kabla, kwa maandishi, na utashangaa. Mwenzake wa mauzo hufikiri huku akisema. Barua ya kurasa tatu hataisoma. Mpe dakika kumi, msikilize, kisha mwambie arudie mliyokubaliana, maana mengine ameyasema kwa kupenda kusema tu.

Yuko pia mwenye wasiwasi. Ujumbe wa "Kesho njoo ofisini kwangu", uliotumwa saa tatu usiku, utamkesha macho huko Kangemi hadi wakati wa kwenda kutafuta matatu Waiyaki Way. Ungeongeza "kuhusu hesabu za Machi", angelala.

Wala usisahau umri. Meneja wa miaka 30 akimkemea dereva wa miaka 55 mbele ya vijana wa mafunzo, dereva hasikii kosa lake. Husikia kwamba amevunjiwa heshima. "Mzee, naomba tuzungumze kidogo" haipunguzi cheo cha mtu.

Makampuni mengine hulipia maswali ya kuwagawa wafanyakazi katika aina 16 za tabia. Maswali hayo yalitungwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, ambao hawakusomea saikolojia. Yatumie kuanzisha mazungumzo ukipenda. Kumpandisha mtu cheo au kumnyima kazi kwa majibu hayo ni makosa, kwani wengi wakijibu tena baada ya wiki chache huangukia aina nyingine.

Tabia ni moja, badiliko ni jingine

Kwangu mimi daktari, faida kubwa ya kuwajua watu wako ni hii: utagundua wakibadilika. Mkimya akinyamaza, hiyo ni tabia yake. Mcheshi akinyamaza wiki mbili, akawa anachelewa, anakonda, anakosea hesabu ndogo na kula peke yake, hapo pana jambo. Huenda ni sonona, kisukari, tezi ya shingoni, pombe, deni au msiba ambao hakuusema. Si kazi yako kujua ni lipi. Mwite kando, si kwenye korido, umwambie ulichokiona kwa macho yako: "Mwezi huu umechelewa mara sita, na si kawaida yako. Kuna tatizo?" Kisha unyamaze. Akitaja kutamani kufa, usimwache peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta huwatibu wagonjwa wa akili pia.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Akirudi na barua ya daktari, ipokee na umkaribishe kazini. Usimwulize mbele ya wenzake alikuwa akiugua nini.