Picha za Mahafali: Nunua Mwanga Kwanza, Urefu Baadaye

Majira ya mahafali yanapowadia mjini Kampala, njia ya kupandia Makerere kutoka Wandegeya hujaa wauza maua, wazazi waliovaa kanzu na gomesi, na vijana wenye kamera shingoni. Vijana hao ndio tunaokusudia kuzungumza nao leo. Kwa jamaa iliyouza ng'ombe au kipande cha shamba ili kumsomesha mtoto, picha ya siku ile itatundikwa ukutani kwa miaka mingi. Na tukio lenyewe halirudiwi. Jina husomwa, mhitimu hupita, hupeana mkono na mkubwa wa chuo, na kwa muda wa kukohoa mara mbili mambo yamekwisha. Mpigapicha aliyekwisha kupokea malipo, kisha akaleta picha yenye giza au yenye uso uliovurugika, hana kitu cha kumfidia mzazi huyo.

Aghalabu kosa si la mkono wake, bali ni la lenzi aliyoichagua. Kamera nyingi za bei ya kadiri huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Kijana akiona jukwaa li mbali, hujinyima mpaka apate lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 300, naye huamini kwamba sasa amekamilika. Nje, juani, lenzi hiyo humtumikia vizuri. Ndani ya ukumbi humsaliti, maana ikivutwa mpaka mwisho tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6.

Namba hiyo ya f ndiyo kiini cha maneno yetu yote. Kadiri inavyopungua ndivyo tundu linavyokuwa pana, kama dirisha la nyumba. Lenzi iliyofunguliwa f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile ya f/5.6, na lenzi ya f/1.8 hupitisha karibu mara kumi. Tuchukue ukumbi ambao lenzi ya f/5.6 inadai shata ikae wazi kwa 1/25 ya sekunde. Mtu anayetembea hawezi kutoka safi kwa mwendo huo. Badili lenzi, weka ya f/1.8, nawe waweza kupiga kwa 1/250 mahali pale pale, chini ya taa zile zile. Wako wanaotegemea kile kifaa cha kuzuia mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi za siku hizi. Kifaa hicho hutuliza mkono wa mpigapicha. Mhitimu anayetembea hakimhusu.

Jambo hili si geni. Mnamo miaka ya 1920 Mjerumani Erich Salomon alianza kupiga picha mahakamani na katika mikutano ya wakubwa wa dola bila ya kuwasha taa ya kumulika. Aliweza kwa sababu alishika kamera ndogo iliyoitwa Ermanox, yenye lenzi ya f/2, ambayo kwa siku hizo ilikuwa ajabu. Hakuwa na lenzi ndefu. Alijua kusogea karibu, tena kwa adabu, akiwa amevaa kama waalikwa wenyewe.

Basi, kwa maoni yetu, kijana mwenye fedha za lenzi moja tu anunue isiyovutika ya milimita 85 yenye f/1.8. Ikiwa kamera yake ni ya kihisi kidogo, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 itamfanyia kazi iliyo karibu sawa. Hiyo ya milimita 50 ndiyo rahisi kuliko karibu zote, na baadhi yake hazifikii gramu 200 kwa uzito. Katika kamera ya kihisi kikubwa, lenzi ya milimita 85 iliyo mita 10 kutoka jukwaani huona upana wa mita 4 na kidogo: mhitimu, mwenye kumpa mkono, na nafasi ya joho kupepea. Mita 10 hazipatikani kwa kusukumana. Yafaa kwenda siku moja kabla, kumwona msimamizi wa ukumbi, na kuomba mahali pa kusimama au kupiga goti. Mpigapicha anayeziba macho ya wazazi hastahili kulaumu askari wanaomwondoa.

Mahali ambapo hairuhusiwi kusogea, hapo tu ndipo lenzi ndefu inapodaiwa, nayo iwe ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 toka mwanzo hadi mwisho. Kutoka mita 20, ikivutwa yote, huona upana wa mita 3.6. Ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na bei yake ni ya kutisha. Vijana watatu au wanne wanaofanya kazi pamoja wanaweza kuchanga wainunue, au kuikodi kwa siku ile.

Wengine watauliza: na flashi je? Ile ndogo iliyojengwa ndani ya kamera, kwa ISO 100 na lenzi ya f/5.6, mara nyingi haifiki mita 3. Ukipandisha ISO mpaka 800 itafika mita 6 hivi, na jukwaa bado li mbali. Vichwa vya waliokaa mbele yako vitang'aa, na mhitimu atabaki gizani. Afadhali kupandisha ISO mpaka 3200 na kuvumilia chenga kidogo, ambazo katika picha ya ukubwa wa postikadi hazionekani sana.

Taa za ukumbini nazo zina hila zake. Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na mirija mingi ya zamani humetameta mara 100 kwa sekunde bila ya jicho kutambua. Shata ya haraka hulinasa tukio hilo katikati, na picha hutoka na mistari au rangi ya manjano. Ukiona hivyo, shuka mpaka 1/100, usubiri nukta ile ambapo mikono imeshikana na wote wawili wametulia.

Kisha kuna joho. Kipimo cha mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe cha kijivu. Joho jeusi likijaa mbele yake huongeza mwanga kupita kiasi, na cheti cheupe hugeuka kuwa karatasi tupu. Chini ya hema jeupe, kama yale yanayosimamishwa katika uwanja wa Freedom Square pale Makerere, mambo hugeuka: kamera huogopa weupe, na nyuso zetu nyeusi hupotea. Dawa yake ni kupima usoni, na kuacha hema liungue kama litaungua.

Picha ya jamaa nzima ina kanuni nyingine. Lenzi ya 85 iliyofunguliwa f/1.8, kwa mita 5, huona kwa usafi kina cha kama sentimita 40 tu; safu ya nyuma itakuwa ukungu. Toka nje kwenye kivuli, funga tundu mpaka f/8, utumie lenzi ya milimita 35 au 50. Lenzi pana zaidi huwanenepesha waliosimama pembeni, na huko pembeni, kwa desturi isiyo nzuri, ndiko anakowekwa bibi.

Siku yenyewe, fika kabla viti havijajaa. Mwombe mwenzako asimame pale pale watakapopeanea mkono, piga, kuza picha, na utazame kope za macho yake. Kama hazihesabiki, bado una nusu saa ya kubadili lenzi au mahali pa kusimama.